Nyumba ya Kitovu

Nilivunja ungo siku ya Jumanne, na kufikia Ijumaa nyumba ya mama ilikuwa imeshaanza kunikohoza.

Sikuwa mgonjwa. Kuta ndizo zilizonishtukia. Jumatatu, siku moja kabla, nilikuwa bado mtoto wa Bi Kidawa, naingia na kutoka nitakavyo, nalala chali sakafuni na miguu nimeipandisha ukutani, ukuta unanipoza. Jumanne damu ikabadilika, pumzi ikabadilika nayo, nyumba ikaninusa ikaona mtu mgeni. Macho yakaniwasha, koo likanibana, vipele vikanitoka shingoni hadi kiunoni. Majirani wakaja na hongera zao na kanga mpya, mama akazipokea huku ameshanifungashia begi. Ndivyo ilivyokuwa kwa kila binti wa Makorora, na wavulana nao vilevile sauti zao zilipovunjika. Tulichezewa ngoma, tukapikiwa pilau, tukapelekwa bweni. Tangu siku hiyo sikuwahi tena kulala mahali nikapaita kwetu.

Kwa hiyo nisikufiche: niliporudi, nilirudi na kinyongo.

Nilikuwa na miaka thelathini na minane, nimebeba binti wa siku mbili, maana mila ni mila. Uzazi wa kwanza, mwanamke hukaa arobaini kwa mama yake. Hata nyumba hizi, pamoja na kiburi chao chote, zilishindwa kuiondoa mila hiyo, ikabidi wataalamu watafute dawa. Unameza kidonge kila asubuhi, pumzi yako inafichika, nyumba inakuvumilia mpaka arobaini yako iishe. Ukizidisha, ini linaharibika. Mtoto mchanga hahitaji kidonge: nyumba humvumilia mtoto wa mwenyewe mpaka abaleghe, ila mjukuu humvumilia mpaka asimame dede tu.

Mama alinipokea mlangoni, mrefu, mkavu, kanga mbili na kilemba, macho yale yale ya kukagua.

"Pita upesi, jua litakuunguza. Umemeza?"

"Nimemeza."

"Toa ulimi."

"Mama, mimi mtu mzima."

"Nyumba hii imefukuza watu wazima wengi tu. Toa ulimi nione."

Nikautoa. Akaukagua, akaridhika, ndipo akamchukua mtoto, akamfunua uso. "Ala! Kumbe ndiye huyu? Mke mwenzangu mwenyewe! Meno hana, nyusi hana, nywele za kubahatisha. Na huyu ndiye amekuja kuninyang'anya mume?"

Baba alikuwa amefariki miaka mingi nyuma, lakini utani wa bibi na mjukuu haungoji mume awe hai. Nikacheka bila kutaka. Baba naye alikuwa na nyumba yake, mitaa miwili kutoka hapo, na ndoa yao yote waliiendesha kwa kutembeleana, siku mbili kwake, siku mbili kwa mama, maana siku ya tatu nyumba za namna hii huanza kumwonyesha mgeni mlango. Alipokufa, nyumba yake ilinyauka naye. Ndani ya wiki chache kuta zilikuwa zimeporomoka zikawa matope, na kiwanja hakikuota tena kitu. Mzizi ukishaifyonza ardhi mara moja, ardhi haikubali mwingine.

Mama alizaliwa mwaka wa vitovu. Ndio mwaka ambao joto lilianza kuua watu ndani ya nyumba za bati na saruji, wataalamu wakagundua mbegu ya ukuta ulio hai, unaokunywa chumvi na kutoa ubaridi. Kasoro yake ni kwamba mbegu haikuota peke yake, ilihitaji chembe za binadamu wa kushikana naye. Sisi tumekuwa tukizika vitovu vya watoto wetu ardhini tangu enzi na enzi, basi wakatumia hivyohivyo. Kila mtoto wa mwaka ule na miaka michache iliyofuata alipewa kiwanja, kitovu kikapakwa mbegu, kikazikwa, nyumba ikaota ikakua naye. Bure. Walidhani ardhi haitakwisha. Sisi tuliofuata, vitovu vyetu viliwekwa kwenye jokofu la mkoa vingoje viwanja, na huko viko mpaka leo. Wenye nyumba walituita watu wa jokofu, kwa mzaha, eti.

* * *

Siku ya nne mume wangu Hiza alikuja kutuona. Alipiga hodi akabaki barazani, macho chini, kama inavyompasa mkwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Mkeo huyu hapa, mzima." Mama akampa maji kwenye kikombe, akaingia ndani, ili mkwe aweze kuinua uso.

Hiza hakuinua. Tuliishi Duga, kwenye maghorofa ya zamu. Chumba kimoja, familia tatu: wa asubuhi, wa mchana, wa usiku. Zamu yako ikiisha unakunja shuka lako unatoka, mwingine anaingia godoro likiwa bado na joto lako. Saa nyingine zote uko kazini, au unajibanza kwenye vivuli vya umma. Mtu mzima anaweza kuishi hivyo. Sisi tuliishi hivyo miaka kumi na moja, tukiogopa kuzaa.

"Msimamizi wa ghorofa ameniuliza habari za mtoto," akasema. "Nikamwambia bado mchanga. Akasema sawa, lakini akisimama dede tu, gari la Makao litapita."

Hakukuwa na haja ya kuniambia Makao ni nini. Mtoto aliyeanza kusimama hawezi kuishi kwa zamu. Ataanguka ngazi, atagusa vitu vya watu, atalia kwenye zamu za wenzake. Kwa hiyo huchukuliwa, hupelekwa bara, hulelewa vizuri tu, wanasema, na wazazi huruhusiwa kwenda kumwona sikukuu. Jirani yetu wa zamu ya usiku alikwenda kumwona mwanawe Idi mbili, na Idi ya tatu mtoto akamwamkia kama anavyomwamkia mpita njia. Mwanamke yule aliacha kwenda.

"Mwajabu," Hiza akasema polepole. "Kitovu chake kimeshadondoka?"

Nikamtazama. Masikini, midomo ilikuwa imemkauka.

"Bado."

"Nauliza tu."

"Najua unachouliza, Hiza. Yule ni mama yangu."

"Na huyu je?" Akamgusa mtoto shavuni kwa kidole kimoja. "Huyu ni nani yako?"

* * *

Kesho yake alikuja Fundi Mwantumu, mkaguzi wa kuta, kupima kama dawa inanikubali. Alikuwa mwanamke mnene mwenye kipumuo shingoni, anabonyeza ukuta kwa vidole viwili na kuusikiliza. Mama alikuwa anapepeta mchele, uteo juu, uteo chini. Alipoona fundi anafunga mkoba wake, akauliza, sauti ya kawaida kabisa:

"Hivi Mwantumu, kitovu kipya kikizikwa kwenye nyumba yenye mwenyewe, inakuwaje?"

Nilikuwa namnyonyesha mtoto. Nilihisi maziwa yamekatika.

Fundi alitutazama mmoja mmoja. "Inategemea pa kuzika, Bi Kidawa. Ukizika mbali huko uani, chini ya mpapai, ni kitovu tu, kinaoza. Ukikizika kibichi kizingitini, juu ya mzizi mkuu, mzizi unakinywa. Mwanzoni huoni kitu. Halafu nyumba inakuwa inanusa watu wawili. Mwezi ukiisha inachagua, na haichagui ila mdogo."

"Kwa nini mdogo?"

"Ana miaka mingi mbele. Nyumba inataka kuishi."

"Haya. Na mkubwa?"

"Anakuwa mgeni."

"Mgeni ana siku zake mbili."

"Yeye hana hata moja. Nyumba huvumilia mtu isiyemjua kuliko aliyekuwa wake." Fundi akashusha pumzi. "Na kifua chako, mama yangu, kimevuta hewa ya kuta hizi tangu utotoni. Hizi kuta zinakupa vitu ambavyo mwili wako uliacha kujitengenezea zamani. Ukitoka, mwaka mmoja. Wengi hawaufikishi."

"Na huyu mzazi?" Mama akaninyooshea uteo bila kunitazama.

"Anayenyonyesha hunukia kama mtoto wake. Atakaa mpaka amwachishe ziwa. Baada ya hapo naye ni mgeni, atakuwa anakuja siku mbili mbili kwa kupokezana na walezi wengine. Wako watoto wamelelewa hivyo. Angalau wamelelewa kwao."

Fundi akaaga. Mama akaendelea kupepeta mpaka mchele ulipokwisha kuwa safi, na bado akaendelea.

"Basi nikwambie," akasema hatimaye. "Nikwambie mapema, ili wewe na mumeo msijisumbue kunong'ona barazani. Mimi sitaki kufa. Mnadhani mzee amechoka kuishi? Sijachoka. Napenda chai yangu ya asubuhi, napenda kumsengenya jirani yangu, napenda ukuta huu unavyonipoza mgongo. Nyumba hii ni pacha wangu. Sitaki kufa, Mwajabu, na sioni haya kusema."

"Nani amekwambia ufe?"

"Macho yako."

Hapo kinyongo changu chote kikatoka. "Macho yangu! Na macho yako yalisema nini uliponifungashia begi? Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, mama! Nilikuwa nakohoa damu pale mlangoni, na wewe unapokea kanga! Hukunisindikiza hata bweni!"

"Ningekusindikiza ningeshindwa kurudi."

"Ungeshindwa!"

"Ningetoka nawe, ningekufa mwaka uleule, nawe ungebaki huna mama wala huna pa kutembelea." Akauweka uteo chini. "Niliona afadhali uwe na mama wa kumchukia."

Mtoto akaanza kulia. Jioni tulisemezana habari za chumvi.

* * *

Kitovu kilidondoka siku ya saba, ndani ya nepi, asubuhi. Siku hiyohiyo tulimpa mtoto jina, Sauda.

Sasa lazima nikueleze utaratibu wa kwetu, maana ndio uliotuponza. Kitovu cha mtoto huzikwa na bibi mzaa mama, kwa mikono yake, bila msaidizi. Lakini bibi hachagui mahali. Mzazi ndiye anayetaja. Bibi huja, hukaa kwenye ukingo wa kitanda, huuliza, "Nimzikie wapi mwanao?" na mzazi hujibu. Baada ya hapo halizungumzwi tena. Kitovu kikishazikwa hakiulizwi, ni mwiko mkubwa, inasemekana mtoto atapotea njia maishani.

Mama alioga, akavaa kanga safi, akaja. Akakaa. Kile kitovu alikuwa amekifunga kwenye pindo la kanga, kidogo mno, kikavu kwa nje, kibichi kwa ndani.

"Nimzikie wapi mwanao?"

Nikafungua kinywa. Wallahi nilikuwa na maneno mawili tu ya kuchagua. Ningesema mpapai, mwanangu angekwenda Makao. Ningesema kizingiti, ningekuwa namwambia mama yangu usoni, nenda kachimbe kaburi lako. Nilimtazama, naye hakunipa msaada wowote. Alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, anangoja kama mtu anayengoja kusomewa hukumu, na mimi ndiye hakimu.

Nilifanya wafanyavyo mabinti wote waliolelewa vizuri. Ukiulizwa na mkubwa utakula nini, unasema chochote kilichopo. Ukiulizwa utakaa wapi, unasema popote. Tumefundishwa hivyo tangu kunyonya, kwamba adabu ni kumrudishia mkubwa neno lake.

"Popote utakapoona panafaa, mama," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa mara moja. "Haya. Umenena."

Akatoka. Nilisikia koleo dogo likigonga ardhi huko nje, lakini nyumba hizi hupoteza sauti, hujui inatoka mbele au uani. Nilikuwa na mdomo. Nilikuwa na miguu pia. Sauda alikuwa amelala kifuani, nikajiambia ataamka nikiinuka. Nikajiambia vilevile kwamba mama amesema hataki kufa, mtu aliyesema vile hawezi kuzika kizingitini, amezika chini ya mpapai, imekwisha, tutajua la kufanya na Makao. Nikalia kwa ajili ya mwanangu, kimyakimya, nikidhani ndiye niliyempoteza.

* * *

Wiki zilizofuata zilikuwa nzuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mama alikuwa mcheshi kupita kiasi. Alinikanda kwa maji ya moto mpaka nikapiga kelele, akanipikia uji wa pilipili manga, akamwimbia Sauda nyimbo za matusi za unyagoni.

"Lala, mke mwenzangu, lala," alikuwa akimwambia. "Mume nimekuachia, na sufuria nimekuachia, bado unalia nini, mlafi wewe!"

Tulizungumza kuliko tulivyowahi kuzungumza. Aliniambia kwamba ile wiki niliyopelekwa bweni hakupika. Aliniambia aliwahi kuja mpaka kwenye ukuta wa bweni siku ya mvua, akanisikia nacheka na wenzangu, akarudi. Nilimwambia nilikuwa nacheka kweli, siku ya mvua tulikuwa tunaruhusiwa kutoka. Akasema vizuri, vizuri sana.

Asubuhi moja, arobaini ikikaribia, alikuwa anachuja chai. Akakohoa.

Niliacha kila kitu. Akakohoa tena, akageuza uso, akajifanya anatafuta sukari. Nikamshika bega nikamgeuza. Macho yalikuwa mekundu, na shingoni, chini ya ukosi wa gauni, vile vipele ninavyovijua mimi.

"Mama. Ulizika wapi?"

"Hakiulizwi."

"Ulizika wapi!"

"Mwajabu, hakiulizwi, utamharibia mtoto."

Nikatoka mbio mpaka mlangoni, nikapiga magoti kizingitini. Udongo ulikuwa umeshikana, na juu yake ule uzi mweupe wa mzizi mpya ulikuwa umeshaota, laini kama unywele wa Sauda. Nikaanza kuchimba kwa kucha. Mama akanifuata akanishika mikono, na bado alikuwa na nguvu.

"Acha! Utaua nyumba, tutoke nje wote watatu!"

Nilimwita Fundi Mwantumu. Alikuja akagusa uzi ule, akabonyeza ukuta, akasikiliza. Alikuwa akitikisa kichwa kabla hajasema. Mzizi ulikuwa umeshakunywa. Kukitoa kitovu ni kuukata mzizi mkuu, na kuukata mzizi mkuu ni nyumba kuwa matope kabla ya Ijumaa. Akasema pole, akasema ilikuwa kazi safi, hata mafundi hawaziki hivyo.

"Nilisema popote!" nikampigia mama kelele fundi alipoondoka. "Nilisema popote utakapoona panafaa!"

"Na hapo ndipo nilipoona panafaa."

"Ulisema hutaki kufa!"

"Na sitaki. Mpaka sasa hivi sitaki." Akakaa pale pale kizingitini, akafuta pua na kanga. "Ningojee nikitaka? Sitataka kamwe. Ungesema mpapai, ningezika mpapai, wallahi, nikashukuru na nikalala usingizi. Hukusema mpapai."

"Sikusema na kizingiti."

"Hukusema mpapai, mwanangu," akarudia, taratibu, bila lawama yoyote.

* * *

Alitoka nyumbani kwake kwa miguu yake, asubuhi mapema kabla ya joto. Alikataa kubebewa mkoba. Majirani, wazee wenzake wa mwaka wa vitovu, walimchungulia kupitia madirishani, wala hakuna hata mmoja aliyekuja kumuaga. Nadhani walimwogopa. Kila mmoja wao ana binti mahali fulani.

Nafasi yangu kule Duga ikawa yake. Hapo pakazuka jambo jingine, maana mama mkwe na mkwe hawalali chumba kimoja hata dunia ipinduke. Hiza akabadilishana na mtu wa usiku, ili yeye atoke ndipo mama aingie. Bado lilikuwa godoro lile lile. Mama akakataa kulilalia. "Nilale kwenye joto la mume wa mwanangu? Toba!" Akatandika mkeka sakafuni, kwenye kipande kile cha zege, na hapo ndipo alipolala siku zote. Hiza aliponihadithia alilia mbele yangu kwa mara ya kwanza tangu tuoane.

Nyumba ilinipokea kama fundi alivyosema. Kidonge nilikiacha, kuta zikanusa maziwa zikatulia. Chumba cha Sauda kilianza kububujika ubaridi mpya, sakafu ikawa laini, taa za ukutani zikawaka kwa kimo cha mtoto. Kila mtu aliyekuja alisema mashallah. Mimi nilikuwa napita kwenye chumba cha mama, kitanda kimetandikwa, nahisi nimeiba.

Alikuwa akija kila alipopata nguvu. Mlangoni hakuthubutu. Alijaribu mara moja, akafika hatua chache ndani, nyumba ikamkaba mpaka akazimia, tukamtoa kwa kumburura. Baada ya hapo akawa anakaa barazani, mwisho kabisa, mwavuli kichwani. Nilimweka Sauda kwenye mkeka karibu na mlango, wakawa wanataniana kwa mbali.

"Mke mwenzangu! Umefanya nini leo? Umejinyea tu? Hongera!"

Sauda alimpenda kupita kiasi. Alimtambalia mpaka pale alipoweza kufika. Mama alikonda, sauti ikawa ya kukwaruza, kati ya sentensi na sentensi akawa anangoja pumzi imrudie. Siku moja nikamwambia nisamehe. Akakasirika kweli.

"Nikusamehe nini? Nimezika kitovu cha mjukuu wangu kama wanawake wote wa ukoo wetu. Usinipunguzie kazi yangu."

* * *

Alifariki kwenye mkeka wake, katikati ya zamu yake. Sauda alikuwa na miezi minane.

Familia iliyokuwa ikingoja kuingia walikuta mlango haufunguliwi. Walipojua, walikunja mashuka yao wakakaa kwenye korido, baba, mama na bibi mmoja kipofu, wakakataa katakata kudai zamu yao. Msimamizi alipokuja kuwaambia saa zao zinapotea, yule kipofu akamtukana matusi ambayo mama angeyafurahia.

Lakini kule ni ghorofa ya sita, na maiti wa kwetu haoshwi juu ya zege. Huchimbwa ufuo, mfereji mdogo chini ya kitanda, maji ya kuoshea yapate kuingia ardhini. Jeneza nalo hutoka nyumbani kwa marehemu mwenyewe. Hiza akasema, "Twende naye nyumbani." Nikamwambia nyumba itamkataa. Akanitazama. "Mwajabu, hapumui."

Tukamleta. Nilitangulia mlangoni, nasubiri kuta zitutolee harufu yao kali. Hazikufanya chochote. Nyumba hunusa pumzi, na mama hakuwa nayo. Wakampitisha kizingitini, wakampitisha ukumbini, wakamlaza chumbani kwake juu ya kitanda chake, na nyumba ikaendelea kupoza hewa kama kawaida. Haikumjua wala haikumkataa. Nilikaa chini nikalia mpaka nikasikia sauti yangu kama ya mtu mwingine.

Waosha walikuwa watatu. Mkubwa wao, Bi Mwanamvua, alipima sakafu kwa shubiri, akaweka alama ya ufuo kwa chaki. Kisha akaufuta mkono kwenye kanga, akauliza kama wanavyouliza kila mahali:

"Mwenye nyumba yuko wapi? Sakafu hizi hazichimbiki bila mkono wake. Aje atoe ruhusa."

Wanawake wote wakanigeukia mimi. Nikatikisa kichwa.

Nikaenda kumchukua Sauda kwa baba yake. Alikuwa amechangamka, hajapata kuona watu wengi namna ile nyumbani, anamrukia kila mtu. Nikamwingiza chumbani. Alipoona kanga ya bibi yake akainua mikono miwili akaita, sauti ile ya kumwita barazani, akangoja atukanwe kwa mapenzi. Akaita tena.

Nikapiga naye magoti. Nikamshika kifundo cha mkono, nikamkunjua vidole kimoja kimoja, nikamwekea kiganja sakafuni juu ya ile chaki. Sakafu ikamtambua. Ikaachia taratibu, ikafunguka, udongo ukaonekana chini.

Sauda akaona mchezo mzuri, akaupiga ule udongo makofi na kucheka.

"Mtoe mtoto, mwanangu," Bi Mwanamvua akasema kwa upole. "Maji yanapoa."

Nikampa Hiza mtoto mlangoni, nikakunja mikono ya gauni, nikaingia kumwosha mama yangu.